Damu Nzuri Imekwenda Wapi?

Jirani yangu mmoja hapa Temeke alipata kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwenye afya njema, akanyonya vizuri, akanenepa, akawa furaha ya nyumba nzima. Alipotimiza miezi saba, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia usiku kucha. Baada ya vipimo, wazazi waliambiwa kwamba mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita siko seli. Muuguzi aliwaeleza kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto alikuwa akilindwa na damu aliyokuwa nayo tumboni. Ndipo yule mama akaniuliza: "Mwalimu, kama alizaliwa na damu nzuri, damu hiyo imekwenda wapi?"

Wazee wa mtaa walikuwa na majibu yao, na husuda ilitajwa. Jibu la sayansi ni jingine, nalo linashangaza zaidi. Maelekezo ya kutengeneza ile damu nzuri hayakwenda popote. Yamo bado ndani ya mwili wa mtoto, mahali pale pale yalipokuwa siku alipozaliwa. Kilichotokea ni kwamba yamezimwa, kama taa inavyozimwa.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini mahali pa jeni na swichi zake ni jambo kubwa, na kwa nini naamini kwamba taifa letu halina budi kulishughulikia lenyewe. Wapo wanaosema kwamba elimu ya namna hii ni anasa kwa nchi yenye upungufu wa dawa na vitanda. Nitajaribu kuwajibu kwa heshima, maana hoja yao si ya kupuuzwa.

Vyumba vitano na swichi moja

Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Huundwa kwa minyororo minne: miwili ya ukoo wa alfa na miwili ya ukoo wa beta. Jeni za ukoo wa beta zimo katika kromosomu namba 11. Ni tano, nazo zimepangwa katika mstari mmoja: kwanza epsiloni, kisha gamma mbili, kisha delta, na mwisho beta.

La kustaajabisha ni kwamba mpangilio huo wa mahali ndio pia mpangilio wa wakati. Epsiloni hufanya kazi katika majuma ya mwanzo ya mimba. Gamma hushika zamu baadaye na kuendelea hadi kuzaliwa. Himoglobini inayotokana nayo huitwa himoglobini ya kijusi. Beta, ikisaidiwa kidogo na delta, hushika zamu katika miezi inayofuata kuzaliwa na kuendelea maisha yote. Kosa la selimundu limo katika beta peke yake: herufi moja tu ya DNA imebadilika. Kwa hiyo mtoto hana dalili wakati gamma iko kazini. Gamma inapozimwa na beta yenye kosa kushika zamu, chembe nyekundu huanza kujikunja kwa umbo la mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu huanza.

Anayezijua nyumba za Kiswahili za Temeke, Magomeni na Kinondoni ataielewa habari hii kwa urahisi. Ukumbi hupita katikati, vyumba viko kulia na kushoto, na swichi kuu ya umeme mara nyingi iko mbele, karibu na mlango. Jeni nazo zina swichi kuu. Mbele ya epsiloni kuna sehemu ya DNA ambayo yenyewe haitengenezi protini yoyote. Wataalamu huiita eneo kuu la udhibiti. DNA hujikunja kama kamba, eneo hilo likakaribiana na jeni moja, nayo ikawaka. Wakati mwingine ukifika, hukaribiana na nyingine.

Umuhimu wa eneo hilo ulianza kuonekana kutokana na wagonjwa. Mwaka 1983 Dimitris Kioussis, Frank Grosveld na wenzao walieleza habari za ugonjwa wa damu wa aina ya thalasemia uliopatikana Uholanzi. Jeni ya beta ilikuwa nzima, lakini haikufanya kazi. Kilichokosekana kilikuwa kipande kirefu cha DNA kilichopaswa kuwa mbele yake. Mwaka 1987 Grosveld na wenzake walionyesha kwamba jeni ya beta ya binadamu ikiingizwa katika panya pamoja na vipande vile vya pembeni, hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Bila vipande hivyo, hufanya kazi kwa udhaifu na kwa kubahatisha. Hapo ikathibitika kwamba jeni nzima bila swichi ni sawa na taa nzima bila umeme.

Mpangilio wa kale

Sasa tuwatazame viumbe wengine. Binadamu na panya waliachana na babu wao wa pamoja yapata miaka milioni 80 hadi 90 iliyopita. Katika muda huo wote panya amekuwa panya na mtu amekuwa mtu. Hata hivyo, jeni za ukoo wa beta za panya nazo zimekaa pamoja, za mwanzo wa mimba zikiwa upande wa swichi kuu na za utu uzima zikiwa mbali nayo. Hata majirani ni wale wale: kwa panya na kwa binadamu, jeni hizi zimezungukwa pande zote mbili na jeni za kunusia harufu, ambazo hazihusiani kabisa na damu. Kuku, aliyeachana nasi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, naye jeni zake za damu zimo katikati ya jeni za kunusia.

Tusikimbilie kusema kwamba hii ni sheria isiyovunjwa. Ndani ya nyumba yake, kuku amepanga vyumba kwa namna nyingine: jeni za mwanzo ziko kwenye ncha mbili na za utu uzima ziko katikati. Gamma nayo haikuwa na zamu hii tangu mwanzo. Ilianza kutumika wakati wa ukuaji wa kijusi katika ukoo wa nyani na binadamu. Panya hana zamu hiyo kama sisi. Kwa hiyo mageuko ya viumbe hutunza na pia hubadilisha.

Hutunza nini, basi? Mageuko hayana heshima kwa mambo ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Hutunza kile ambacho, kikiharibika, mwenye nacho huugua au hukosa kizazi. Fundi anayejenga Mbagala leo anaweza kuacha udongo akatumia matofali ya saruji, anaweza kuacha makuti akatumia bati, lakini ukumbi haondoi, kwa sababu vyumba vitakosa njia. Ukikuta sehemu ya DNA imebaki ilivyo kwa mamilioni ya miaka, huku sehemu za jirani zikibadilika ovyo, jua kwamba hapo pana ukumbi.

Takataka au akiba?

Sehemu ya DNA inayobeba maelekezo ya protini ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya DNA yote ya binadamu. Mwaka 1972 mtaalamu Susumu Ohno aliiita sehemu kubwa ya iliyobaki kuwa ni takataka, na neno hilo likaenea. Hakukosea katika yote, maana inaelekea kwamba sehemu kubwa ya DNA haina kazi ya lazima. Lakini mwaka 2002, DNA ya panya ilipolinganishwa na ya binadamu, ilikadiriwa kwamba kama asilimia 5 ya DNA yetu imetunzwa na mageuko. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Kama asilimia 5 imetunzwa, na protini huchukua 1 hadi 2 tu, basi zaidi ya nusu ya kilichotunzwa hakitengenezi protini. Sehemu kubwa ya hicho inaaminika kuwa ni vidhibiti: mambo yanayoamua jeni iwake lini, wapi, na kwa kiasi gani.

Na hapa ndipo jibu la jirani yangu lilipokuwa limejificha.

Herufi chache zenye uzito

Madaktari walijua tangu zamani kwamba wagonjwa wa selimundu hawaumwi sawasawa. Wenye himoglobini ya kijusi nyingi kidogo ukubwani huumwa kwa nafuu. Mwaka 2007 na 2008 uchunguzi wa watu wengi ulionyesha kwamba wingi huo unahusiana na jeni moja ya kromosomu namba 2 iitwayo BCL11A. Mwaka huo huo wa 2008 kundi la Stuart Orkin huko Boston lilionyesha kazi yake: ndiyo inayoizima gamma. Hatimaye ilijulikana pia kwamba hushika mahali maalumu penye herufi chache tu mbele ya jeni za gamma.

Watanzania hawakuwa watazamaji katika kazi hii. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Walionyesha kwamba tofauti katika BCL11A, pamoja na eneo jingine la kromosomu namba 6, huathiri wingi wa himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wetu pia. Mwaka 2014 ulifuata uchunguzi wa DNA nzima wa wagonjwa wa Tanzania.

Mwaka 2013 ilidhihirika kwamba tofauti hizo za BCL11A hazimo katika sehemu inayotengeneza protini. Zimo katika swichi yake, sehemu ambayo zamani ingeitwa takataka, na swichi hiyo hufanya kazi katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu. Mwaka 2015 likaonekana jambo la kutuonya. Swichi hiyo ipo kwa panya na kwa binadamu mahali panapolingana, lakini kipande chenye uzito kwa binadamu si kile chenye uzito kwa panya. Kwa maneno mengine, wanyama hutuonyesha pa kutafuta, lakini jibu la mwisho hutafutwa kwa watu wenyewe.

Safari hiyo ilifikia tiba. Mwezi Novemba 2023 Uingereza, na mwezi Desemba 2023 Marekani, ziliidhinisha matibabu yaitwayo Casgevy. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, swichi ya BCL11A hukatwa, kisha seli hurudishwa mwilini baada ya dawa kali kusafisha uboho wa zamani. Kosa la beta haliguswi hata kidogo. Kinachofanyika ni kuifungua gamma, iliyokuwapo mahali pake siku zote.

Hoja ya wanaopinga

Najua msomaji atauliza bei. Huko Marekani matibabu hayo yalitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapo ndugu zangu wanaopinga hupata nguvu. Wanasema: mtoto wa Mbagala anahitaji chandarua, penisilini, chanjo na maji safi, kinga ni bora kuliko tiba, habari za swichi waachiwe wenye fedha.

Nakubaliana nao katika nusu ya kwanza. Katika jaribio lililofanywa mwaka 2015 na 2016 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Temeke, watoto wachanga 3,981 walipimwa. Waliokutwa na ugonjwa walikuwa 31, na waliorithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu walikuwa 505, yaani karibu mtoto 1 katika kila 8. Wale 31 walijulikana kabla gamma haijazimwa. Miezi ile ya mwanzo ni muhula ambao maumbile yametupa ili tujiandae. Mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini na kinga ya malaria, na mama hufundishwa dalili za hatari. Mtoto asiyejulikana anaweza kufa kwa homa kabla hata jina la ugonjwa wake halijatajwa. Kipimo hiki, kwa maoni yangu, kinapaswa kufanywa katika kila wodi ya wazazi nchini, kuanzia na zile zenye wazazi wengi kama za Temeke na Mwananyamala.

Nakubaliana nao pia juu ya dawa iitwayo hidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya kijusi kwa vidonge, bila kukata DNA. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, uliochapishwa Desemba 2018, ulilinganisha hali ya watoto kabla na baada ya kuanza dawa. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa mwaka katika kila watoto 100, na malaria ilipungua kwa karibu nusu. Dawa hiyo kupatikana kwa bei nafuu katika kila hospitali ya wilaya si anasa.

Lakini katika nusu ya pili siwezi kukubaliana nao, na nitatoa sababu tatu.

Kwanza, hatuwezi kutenga kinga na maarifa ya swichi. Dawa ya vidonge na kipimo cha mtoto mchanga vyote viwili husimama juu ya maarifa kwamba gamma huwaka kisha huzimwa. Aliyelipia maarifa hayo alikuwa akilipia kinga bila kujua.

Pili, ujirani wa jeni hutofautiana kati ya watu na watu. Kosa la selimundu ni lile lile kila mahali, lakini DNA inayolizunguka si moja. Mashariki ya Saudia na India kuna aina ambayo mara nyingi huja na himoglobini ya kijusi nyingi zaidi. Kwa wagonjwa wa Tanzania aina iliyo kubwa ni ile iitwayo ya Kibantu, ambayo kwa kawaida haina ukarimu huo. Huko Oman aina hizi zote hukutwa pamoja, kwa sababu bahari na majahazi vilichanganya damu za watu kwa karne nyingi. Kwa hiyo kinachojulikana juu ya swichi za mgonjwa wa Ulaya au Uarabuni hakitoshi kumweleza mgonjwa wa Temeke. Afrika ndipo penye tofauti nyingi za DNA kuliko bara lolote, na tofauti hizo ndizo zitakazotuonyesha herufi nyingine za kuifungua gamma. Nani atazitafuta kama sisi wenyewe tumekaa?

Tatu, bei ya leo si bei ya milele. Watafiti wa sehemu mbalimbali wanatafuta njia ya kuifungua gamma ndani ya mwili, bila kutoa uboho na bila dawa kali. Njia hiyo ikipatikana, nchi yenye maabara, wataalamu na orodha ya wagonjwa wake itaipokea mapema na kwa masharti yake. Nchi isiyo navyo itaipokea mwisho, na kwa masharti ya wengine. Damu yetu ikisafiri peke yake kwenda kuchunguzwa, bila kufuatana na vijana wetu, maarifa yatarudi yakiwa bidhaa ya kununua.

Tufanye nini?

Sidai mambo makubwa kupita uwezo. Kipimo cha mtoto mchanga kiwe haki ya kila mtoto. Hidroksiyurea ipatikane. Pamoja na hayo, na si baada ya hayo, itengwe sehemu ya kudumu ya fedha za utafiti kwa uchunguzi wa vidhibiti vya jeni za watu wetu, ili vijana wa vyuo vyetu wafanye kazi hiyo hapa hapa, wakiwa na mashine na kemikali za kutosha. Na katika shule za sekondari, somo la urithi lisiishie katika jeni inayotengeneza protini. Mwanafunzi afundishwe pia kwamba jeni ina mahali, ina majirani, ina swichi. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa imo humo.

Mtoto wa jirani yangu sasa anahudhuria kliniki na anatumia dawa. Bado huumwa, ila si kama zamani. Siku moja nilikwenda kumpa mama yake jibu la swali lake. Nilimweleza habari za vyumba vitano na swichi ya mbele, nikamwambia kwamba damu nzuri ya mwanawe haikupotea. Ipo mahali pake, imezimwa tu, kama inavyozimwa kwetu sote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kama ipo, iwasheni."

Sioni kwa nini ombi hilo lijibiwe na watu wa mbali tu. Mtoto ni wetu, na swichi zimo mwilini mwake.